Zawadi na vitamu vya kujitengenezea kwa sherehe ya familia: fanya vitatu tu ila vifanye vizuri

Kila sherehe ya nyumbani ikikaribia, iwe bethidei ya mzee, harusi ya binamu au mtoto kamaliza shule, lazima kuna ndugu atanipigia kuuliza safari hii tufanyeje, na jibu langu ni lile lile, tutengeneze wenyewe. Ila nimeona watu wengi wanakwama sehemu moja. Mtu anaamua wiki moja kabla, anachagua vitu saba, siku ya pili jiko limejaa sufuria chafu, siku ya nne kachoka, siku ya sherehe anabeba vitu nusu nusu na macho mekundu. Mi nasema vitatu vinatosha kabisa: kimoja cha kukaa miaka na viwili vya kuliwa siku hiyo hiyo. Naeleza vile ninavyovifanya mimi, yaani kitabu kidogo cha kushona kwa mkono, tofi laini ya maziwa, na biskuti za siagi zilizochovywa chokoleti.

Kwanza kalenda. Hesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya sherehe. Kitabu unaanza wiki sita kabla kwa sababu kinategemea watu wengine, na watu wengine wana mambo yao. Tofi unapika wiki moja kabla, inakaa vizuri tu ikifungwa isiingie hewa. Donge la biskuti unaweza kulikanda hata mwezi mzima kabla ukaliweka friza, alafu unaoka siku mbili tatu kabla ya sherehe. Jaribio ndo muhimu kuliko vyote, kama hujawahi kupika tofi maishani usiipike mara ya kwanza ile wiki ya sherehe, pika mapema kidogo kidogo, familia itakusaidia kumaliza haina shida.

Haya, kitabu. Wazo ni kwamba kila mtu wa familia anatoa ukurasa mmoja kwa ajili ya mwenye sherehe. Nimeshafanya vinne na kitu nilichojifunza ni kwamba usimwambie mtu "andika chochote", ukimwambia hivyo atakaa nayo mwezi mzima alafu ataandika "nakupenda sana Mungu akubariki" na hapo ndo mwisho. Muulize swali moja dogo linaloshikika. Siku gani ulicheka nae sana? Alikufundisha kufanya nini kwa mikono yako? Chakula gani akipika yeye hakifanani na cha mtu mwingine? Kila mtu mpe swali lake, unamjua ndugu yako, unajua swali gani litamfungua. Tarehe ya mwisho wape ya wiki mbili kabla ya ile unayoihitaji kweli. Kwa wazee ambao hawapendi kuandika, mi nakaa nao na simu narekodi, wanaongea, alafu naandika maneno yao vile vile walivyosema bila kunyoosha chochote, ukinyoosha unaua sauti ya mtu. Kwa kitabu cha shangazi yangu alipotimiza miaka 60 kaka yake mkubwa aliongea dakika 11 kuhusu baiskeli moja waliyokuwa wanagombania utotoni, nikaandika yote, ikachukua kadi tatu, na ndo kurasa ambazo shangazi alisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Watoto wadogo wachore, na pembeni ya mchoro uandike jina na umri wa mtoto siku hiyo, baada ya miaka kumi utashukuru.

Watu waandike kwenye kadi ndogo za kipimo cha A6, yaani robo ya karatasi ya A4, wasiandike ndani ya kitabu chenyewe. Akikosea anachukua kadi nyingine na kitabu kinabaki salama. Kalamu iwe ya wino usiotoka na maji, jaribu kwa kudondosha tone moja la maji kwenye karatasi ya pembeni uone kama wino unatembea.

Kushona ni kazi ya jioni moja. Chukua karatasi nane za A4, nzito kidogo kuliko zile za printa ukipata, zikunje katikati moja moja kisha uziingize ndani ya nyingine, hapo una kitabu cha A5 chenye kurasa 32. Mkunjo upige kwa mgongo wa kijiko mpaka ulale kabisa. Jalada ni manila iliyokunjwa hivyo hivyo, kubwa kuliko karatasi za ndani kwa milimita chache. Sasa fungua kitabu katikati, kwenye mstari wa mkunjo weka alama tatu kwa penseli, moja katikati kabisa na nyingine mbili kila moja sentimita 3 kutoka ncha ya juu na ya chini. Toboa kwa sindano nene kupita karatasi zote pamoja na jalada, weka kitabu kinene cha zamani au gazeti lililokunjwa chini ili usitoboe meza. Uzi uwe wa kama sentimita 60 hivi, imara, uusugue kwenye mshumaa mara mbili tatu, nta inafanya uzi usijinyonge na fundo lishike.

Anza kwa ndani, tundu la katikati, pitisha sindano itokee nje na uache mkia wa sentimita 10 ndani usiufunge bado. Ukiwa nje ingia kwa tundu la juu. Sasa uko ndani tena, ruka tundu la katikati nenda moja kwa moja mpaka tundu la chini, toka nje. Ukiwa nje rudi uingie tundu la katikati. Hapo ncha zote mbili za uzi ziko ndani, angalia ule uzi mrefu uliolala kutoka juu mpaka chini, ncha moja iwe kulia kwake na nyingine kushoto, vuta kwa kufuata mgongo wa kitabu (ukivuta kwenda juu karatasi inachanika), funga fundo mara mbili juu ya ule uzi mrefu, kata ukiacha sentimita moja. Kurasa za katikati utaona zimetokeza kidogo pembeni kuliko za nje, hiyo ni kawaida, ni unene wa karatasi unasukuma, ukitaka ziwe sawa weka rula ukate kwa kisu chenye makali mapya.

Kadi bandika upande wa kulia tu. Ukibandika pande zote kitabu kinavimba na hakifungi. Tumia gundi ya kijiti, ile ya maji inakunjakunja karatasi. Na selotepu jamani msitumie, baada ya miaka inageuka njano inaacha doa na inaachia, nina albamu ya familia iliyoharibiwa hivyo na kuna picha mbili hazirudi tena. Picha pia weka nakala, ile halisi ibaki ilipo.

Sasa jikoni. Tofi laini ya maziwa, hii ndo watu wananiomba kila mara. Kwa trei ya mraba ya sentimita 20 unahitaji kopo moja la maziwa mazito yenye sukari la gramu kama 400, maziwa ya kawaida mililita 150, sukari ya kahawia gramu 450 na siagi gramu 115. Chumvi robo ya kijiko cha chai, mi siwezi kuiacha. Tandika trei karatasi ya kuokea kabla hujawasha jiko kwa sababu mambo yakishaiva hutapata nafasi ya kutafuta mkasi.

Chagua sufuria kubwa, kubwa kuliko unavyodhani, tofi ikichemka inapanda karibu mara mbili au tatu ya ulivyoiweka. Chini iwe nzito. Weka vyote ndani moto mdogo, koroga taratibu mpaka sukari iyeyuke yote kabla haijachemka, na hapa ndo siri yote ilipo. Mara yangu ya kwanza niliharakisha, nikapandisha moto wakati chenga za sukari bado ziko kwenye kuta za sufuria, tofi ikatoka kama mchanga. Punje moja ya sukari ambayo haijayeyuka ikidondokea kwenye mchanganyiko inaziita zenzake, zinajipanga juu yake na ndani ya muda mfupi sufuria nzima imekuwa chenga. Kwahiyo chukua brashi ya jikoni, ichovye kwenye maji ya moto, ufute kuta za sufuria kuelekea chini mpaka ziwe safi. Sugua tofi kidogo kati ya vidole kutoka kwenye mwiko uliopoa, ukisikia bado inakwaruza subiri.

Ikishalainika pandisha moto wa wastani, ichemke huku unakoroga muda wote mpaka chini kabisa na kwenye kona, maziwa yanashika haraka. Itachukua dakika 10 mpaka 15. Unatafuta joto la digrii 118. Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo kinachookoa kazi nyingi, na kabla hujakiamini kiweke kwenye maji yanayochemka, pwani kinatakiwa kisome 100. Ukiwa sehemu ya mwinuko maji yanachemka chini ya hapo, inapungua kama digrii moja kila mita 300 za kupanda, basi tofauti utakayoiona kwenye maji itoe pia kwenye ile 118. Mfano maji yako yamechemka kwenye 95, wewe toa tofi kwenye 113. Watu wengi hawaambiwi hili, wanafuata namba ya kitabu wanapata tofi ngumu ya kuvunja meno wanadhani wamekosea kupima sukari.

Huna kipimajoto? Weka bakuli la maji baridi sana pembeni. Dondosha kijiko kidogo cha tofi ndani, kisubiri sekunde chache, kisha kikusanye kwa vidole. Ikitawanyika bado. Ikijikusanya kuwa kidonge lakini kinalegea na kubonyea chenyewe ukikitoa kwenye maji, umekaribia. Kidonge kikishika umbo lake ila kinabonyea ukikiminya, zima. Wakati unapima toa sufuria motoni, maana joto halikusubiri.

Na naomba hapa watoto wawe mbali, sio kwa ukali, ni kwa sababu sukari inayochemka ina joto kuliko maji yanayochemka na inang'ang'ania ngozi. Ikikurukia peleka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili. Usipake siagi, usipake dawa ya meno, usiweke barafu. Kama ngozi imetoka malengelenge makubwa au ni usoni nenda hospitali.

Ukishatoa motoni iache itulie dakika 5, alafu ipige kwa mwiko wa mbao kama dakika 10 hivi. Mkono utachoka, badilishaneni. Itakuwa nzito, ule ung'avu utapotea na utaona inaanza kuachia kuta za sufuria, kupiga huku ndo kunatengeneza chenga ndogo ndogo sana ambazo ulimi hauzisikii, ndo ule ulaini. Mwaga kwenye trei haraka, sawazisha, iache ipoe yenyewe kwenye joto la chumba. Kata vipande vya sentimita mbili na nusu, unapata 64, kila kimoja ukifunge kwenye kikaratasi cha kuokea cha mraba wa sentimita 10 na unyonge ncha mbili. Kufunga ndo kazi ya watoto, wape meza nzima, wanafurahi na wanamaliza kweli.

Biskuti ni rahisi ukikumbuka moja mbili tatu: sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga wa ngano gramu 300. Kwa uzito ee, sio kwa kikombe, kikombe cha unga wa kushindilia na cha unga wa kupepeta havifanani hata kidogo. Siagi iwe laini ya kubonyea kidole lakini haijayeyuka, ichanganye na sukari mpaka ilainike, weka vanila na chumvi kidogo, kisha unga, na ukishaweka unga usikande kama mkate, kusanya tu mpaka lishikane. Ukikanda sana unga unavutika na biskuti inakuwa ngumu badala ya kumung'unyika. Liweke friji nusu saa, sukuma unene wa nusu sentimita, kata, rudisha friji tena dakika 15 ukiwa umeshapanga kwenye trei ili zisitambae kwenye oveni, oka digrii 160 mpaka 170 kwa dakika 15 hadi 20. Zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu pembeni tu, katikati bado nyeupe, zitakuwa laini usiogope zinakaza zikipoa. Zinatoka kama 40. Mi nakata herufi za jina la mwenye sherehe kwa kisu tu, sio lazima uwe na vikata maalum.

Chokoleti ndo inawasumbua watu. Unayeyusha, unachovya, kesho yake imekuwa na madoa meupe kama vumbi na inayeyuka ukigusa. Haijaharibika, inalika, ila mafuta ya kakao yameganda vibaya kwa sababu yanaweza kuganda kwa namna kadhaa na moja tu ndo inang'aa na kukatika kwa mlio. Dawa yake ni hii: chokoleti nyeusi gramu 300, katakata yote, gramu 200 yeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto (bakuli lisiguse maji) mpaka digrii 45 hadi 50. Ondoa, futa chini ya bakuli, maana tone moja la maji likiingia chokoleti inajikunja inakuwa uji mzito, alafu ongeza zile gramu 100 zilizobaki kidogo kidogo huku unakoroga mpaka ishuke digrii 31 au 32. Zile ngumu ulizoongeza ndo zinaifundisha iliyoyeyuka jinsi ya kuganda. Chovya ncha ya kisu, iweke pembeni sehemu yenye ubaridi kidogo, ikikauka na kung'aa ndani ya dakika 5 uko tayari, chovya nusu ya kila biskuti fasta. Chumba kiwe na ubaridi, kwahiyo kama mnaishi sehemu ya joto fanya kazi hii usiku sana au alfajiri.

Kuna zawadi moja naiona sana na naomba muiache, ile chupa nzuri ya mafuta ya kupikia yenye vitunguu saumu vibichi na majani ndani. Inapendeza kwa macho lakini vitunguu vibichi vikizama kwenye mafuta vikakaa kabatini vinaweza kuotesha bakteria wanaoleta sumu ya botulizimu, na mafuta hayatanuka wala kubadilika rangi kukuonya. Hata asali, kama kwenye familia kuna mtoto hajafika mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali, na watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe karanga au korosho nzima nzima, zinakaba.

Kwenye kufunga, tofi na biskuti zisikae kopo moja. Tofi ina unyevu, biskuti inaunyonya, ndani ya siku mbili biskuti zimekuwa legelege na tofi imekauka pembeni. Kila kimoja na mfuko wake, ukitaka sanduku moja liwe na mifuko miwili ndani, fungeni ile ya biskuti mwisho kabisa zikiwa zimepoa kabisa kabisa, joto dogo tu likibaki linatoa jasho ndani ya mfuko. Nje funga kwa kipande cha kitambaa na riboni, kitambaa mtu anakifua anakitumia tena. Kwenye kila mfuko bandika karatasi yenye mambo matatu: kilichomo kwa maneno kamili (maziwa, ngano, karanga kama ipo, hii ni kwa wenye mzio), siku uliyotengeneza, na kiliwe kabla ya lini, tofi wiki mbili, biskuti siku kumi. Andika kwa mkono.

Siku ya kubeba biskuti zisimame wima kwenye kopo kama vitabu kwenye shelfu, karatasi laini katikati, zikilala zinavunjika za chini. Zilizovunjika usitupe, ziwekee bakuli jikoni kwa wanaoosha vyombo. Na tengeneza mifuko mitano ya ziada isiyo na majina, kwa sababu kwenye familia kuna siku zote mtu alisema haji akaja, na kuna mtu alitaka kuja akashindwa, huyo wa pili umtumie wake kesho yake asubuhi pamoja na picha ya ukurasa wake kwenye kitabu.